Kompyuta Inapogoma Baada ya Kuhamia Kifurushi Kamili cha Ulinzi: Dalili na Vyanzo Vyake

Mtu anayehama kutoka programu ya kawaida ya kingavirusi kwenda kifurushi kamili cha ulinzi, yaani kile kinachoongeza faiawoli (kizuizi cha mawasiliano ya mtandao yasiyoruhusiwa), ulinzi wa malipo ya benki, udhibiti wa watoto, hifadhi ya nywila na VPN (njia fiche inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mahali pengine), hutarajia kwamba kazi yenyewe ni kulipa, kuingiza namba ya leseni na kuendelea na shughuli zake. Mara nyingi huwa hivyo. Pale mambo yanapokwenda kombo, lawama huiangukia bidhaa mpya, ilhali chanzo kwa kawaida ni kitu kilichokuwemo ndani ya kompyuta kabla bidhaa hiyo haijafika: kingavirusi ya zamani ambayo haikuondoka yote, saa iliyorudi nyuma, Windows isiyo na leseni halali, au mashine ambayo tangu awali ilikuwa ikijikongoja. Kwa hiyo, kabla ya kudai kurudishiwa fedha, inafaa kuchunguza kwanza kilichotangulia.

Maelezo haya yanahusu kompyuta za nyumbani zenye Windows 10 na Windows 11. Mwenye Windows 7 asihangaike: Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020, na matoleo mapya ya vifurushi vingi hayakubali kusakinishwa humo. Windows 10 nayo ilifikia kikomo cha huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Vifurushi bado vinaikubali, lakini kulipia ulinzi wa gharama kubwa juu ya mfumo ambao matundu yake hayazibwi tena kwa utaratibu wa kawaida ni kujipa matumaini kuliko kujilinda.

Usakinishaji unakwama njiani au unakataa kuanza

Dalili hii huja kwa sura kadhaa. Pengine asilimia za usakinishaji huganda mahali pamoja, pengine hutokea ujumbe kwamba ipo programu isiyopatana na kifurushi, na pengine kisakinishi hufunguka na kujifunga chenyewe bila kusema neno. Wa kwanza kushukiwa ni kingavirusi ya zamani. Programu ya aina hii huweka draiva zake, yaani programu ndogo zinazofanya kazi kwa mamlaka ya mfumo wenyewe, ndani kabisa ya kiini cha Windows, na kila faili linapofunguliwa hulikagua kabla halijamfikia mtumiaji. Zikiwa mbili, kila moja hutaka kulikagua faili ambalo nyingine imelishika, na matokeo yake ni kusubiriana, uzito, na wakati mwingine skrini ya bluu. Tarehe 19 Julai 2024 ulimwengu ulishuhudia draiva za tabaka hilo zinavyoweza kuiangusha mashine, pale sasisho moja lenye kasoro la programu ya CrowdStrike, ambayo ni ya makampuni na si ya nyumbani, lilipozima kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft.

Wengi huapa kwamba wamekwisha kuiondoa programu ya zamani, na ni kweli waliiondoa, ila hawakuiondoa yote. Kuondoa kwa njia ya kawaida kupitia orodha ya programu kwenye mipangilio huacha nyuma baadhi ya draiva, ambazo hufutwa tu kompyuta inapowaka upya. Hapa pana mtego ambao hata mafundi huuangukia. Katika kompyuta nyingi za Windows 10 na 11, kuizima mashine kwa Shut down kisha kuiwasha si sawa na kuiwasha upya, kwa sababu Windows huhifadhi hali ya kiini chake kwenye diski ili kesho iwake haraka, na draiva ile iliyopaswa kufutwa hurudi pamoja nacho. Kinachotakiwa ni kuchagua Restart. Baada ya hapo, ikiwa kisakinishi bado kinalalamika, pakua zana ya kufutia mabaki inayotolewa na mtengenezaji wa programu ya zamani mwenyewe: Avast ina Avast Clear, McAfee ina MCPR, ESET ina ESET Uninstaller, Kaspersky ina kavremover. Zana kama ya ESET huhitaji Windows iwashwe katika hali salama, ambayo hufikiwa kupitia menyu inayofunguka ukishikilia kitufe cha Shift huku ukibonyeza Restart. Usipakue zana hizi mahali pengine isipokuwa kwenye tovuti ya mtengenezaji, kwa kuwa zana bandia za kuondoa kingavirusi ni miongoni mwa njia za zamani za kusambaza virusi vyenyewe.

Angalia pia kama kompyuta ilinunuliwa ikiwa na kingavirusi ya majaribio kutoka kiwandani. Mwenye mashine huwa hajawahi kuifungua, muda wake ulikwisha siku nyingi, lakini bado imekaa pale na draiva zake. Kwa upande mwingine, Microsoft Defender, kingavirusi inayokuja na Windows yenyewe, haihitaji kuondolewa, nayo hujiweka kando yenyewe mara inapotambua kwamba kifurushi kingine kimejisajili kwa Windows.

Ikiwa kifurushi kipya ni cha mtengenezaji yuleyule wa kingavirusi ya zamani, kwa mfano unatoka ESET NOD32 Antivirus kwenda ESET Internet Security, usikimbilie kufuta chochote. Kwa watengenezaji wengi inatosha kufungua programu iliyopo, kutafuta sehemu ya leseni na kuingiza namba mpya, kisha programu itaongeza yenyewe vipengele vilivyokosekana. Anayefuta kwanza hujiongezea kazi ya kupakua upya kila kitu na kupoteza mipangilio aliyoizoea.

Kupakua nako ni chanzo cha kukwama. Faili la usakinishaji linalopatikana kwenye tovuti za watengenezaji kwa kawaida ni dogo sana, la megabaiti chache, na kazi yake ni kuvuta mengine yote kutoka kwenye intaneti, ambayo yanaweza kufika mamia ya megabaiti. Bando likiisha katikati, kisakinishi hubaki kikisubiri bila kueleza kinasubiri nini. Tafuta kwenye tovuti ileile toleo la kusakinisha bila intaneti, lipakue mahali penye mtandao wa uhakika, na ulihamishe kwa flashi.

Kuna hali moja ambayo ni nzito zaidi: tovuti za kingavirusi zote hazifunguki, lakini tovuti nyingine zinafunguka vizuri. Hiyo ni alama ya kwamba kompyuta tayari imeambukizwa na kirusi kinachojilinda. Conficker, iliyogunduliwa Novemba 2008, ilifanya hivyo hivyo kwa kuzuia anwani za makampuni ya kingavirusi na za masasisho ya Windows. Virusi vingine hutumia faili liitwalo hosts, lililomo katika C:\Windows\System32\drivers\etc, na ukilifungua kwa Notepad utakuta majina ya tovuti hizo yameorodheshwa baada ya namba 127.0.0.1, maana yake kila anayezitafuta anarudishwa kwenye kompyuta yake mwenyewe. Kabla ya kusakinisha kitu chochote, endesha ukaguzi wa Microsoft Defender wa nje ya mtandao, ambao huwasha upya kompyuta na kuikagua Windows ikiwa haijaamka. Huchukua kama dakika 15, na unapatikana katika sehemu ya chaguo za ukaguzi ndani ya Windows Security.

Leseni inakataliwa

Kabla ya kumpigia muuzaji, tazama saa iliyo kwenye kona ya skrini, na usitazame saa peke yake bali tarehe na mwaka. Kompyuta mitumba zinazouzwa Kariakoo au kwenye maduka ya katikati ya Nairobi mara nyingi huja na betri ndogo ya saa iliyokwisha. Ni betri bapa ya duara ya volti 3, iliyoandikwa CR2032, na kazi yake ni kutunza saa wakati mashine haina umeme. Ikifa, kompyuta ikichomolewa usiku huamka asubuhi ikidhani ni mwezi Januari wa mwaka fulani wa zamani. Mfumo wa leseni ukiona tarehe ya kabla ya kununuliwa kwa bidhaa hukataa kuamilisha, na masasisho nayo hushindwa kwa kuwa vyeti vya usalama vya seva huonekana kama bado havijaanza kutumika. Kithibitisho ni Chrome, ambayo katika hali hiyo huonyesha neno NET::ERR_CERT_DATE_INVALID kwa karibu kila tovuti. Kurekebisha tarehe kwa mkono kutaponya kwa siku hiyo tu. Tiba ni betri mpya, ambayo kwenye kompyuta ya mezani hubadilishwa kwa kidole, na kwenye kompyuta mpakato nyingi huhitaji fundi afungue sehemu ya chini. Hakikisha pia ukanda wa saa umechaguliwa sawasawa. Dar es Salaam haimo kwenye orodha ya Windows, kwa hiyo chagua Nairobi, yenye UTC+03:00.

Tarehe ikiwa sahihi, soma ujumbe wenyewe. Ukisema kwamba idadi ya vifaa imefikiwa, maana yake leseni ya kifaa kimoja au vitatu bado inahesabu kompyuta uliyoiuza au ile uliyoifuta na kusakinisha Windows upya. Ingia kwenye akaunti yako ya mtengenezaji kwa kivinjari, tafuta orodha ya vifaa, na ukiondoe kile kisichotumika. Ujumbe ukisema kwamba leseni si ya eneo lako, hilo halina tiba ya kiufundi, kwa sababu baadhi ya watengenezaji huuza namba zinazokubali kuamilishwa katika eneo fulani tu, na aliyenunuliwa kifurushi na ndugu aliye ughaibuni hukumbana na hilo mara kwa mara. Ndugu aliye Marekani naye asipoteze muda kutafuta Kaspersky: serikali ya huko ilipiga marufuku mauzo mapya kuanzia tarehe 20 Julai 2024, na masasisho yakasitishwa tarehe 29 Septemba mwaka huohuo.

Ujumbe ukisema kwamba namba imekwisha kutumika ilhali umeikwangua wewe mwenyewe, huenda umeuziwa namba iliyokwisha kuuzwa kwa wengine. Ushauri wangu ni kwamba leseni ya dukani iamilishwe palepale dukani, mbele ya muuzaji, kabla ya kutoa fedha, hata ikibidi kubeba kompyuta hadi kwake.

Kompyuta imekuwa nzito kupita kiasi

Siku ya kwanza usihukumu. Kifurushi kipya hukagua diski nzima mara kinapoingia, na kwenye diski ya zamani inayozunguka ukaguzi huo unaweza kuendelea kwa saa nyingi. Iache kompyuta ikiwa imewashwa na imechomekwa kwenye umeme usiku kucha, kisha upime asubuhi.

Uzito ukiendelea, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, na utazame safu ya diski na ya kumbukumbu. Diski ikiwa kwenye asilimia 100 muda wote huku kumbukumbu ikiwa ya gigabaiti 4, tatizo si kifurushi bali ni kwamba mashine haina nafasi ya kuhemea. Kubadilisha diski ya zamani kwa SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, huleta nafuu kubwa kuliko mpangilio wowote utakaougusa ndani ya programu. Kama fedha hiyo haipo, zima vipengele usivyovihitaji, hasa zana za kusafisha na za kuharakisha kompyuta ambazo watengenezaji hupenda kuzijaza humo, VPN inayojiwasha na mashine, na udhibiti wa watoto katika nyumba isiyo na watoto. Ulinzi wa papo kwa papo na ulinzi wa kivinjari usiviguse. Na kama baada ya yote hayo mashine bado inalemewa, kurudi kwenye Defender si aibu. Kwa kompyuta dhaifu ya mtumiaji mwangalifu ni uamuzi wenye busara kuliko kuzima nusu ya kifurushi ulichokilipia.

Mara chache utakuta katika orodha ya Task Manager jina la kingavirusi ya zamani likiendelea kufanya kazi. Rudi kwenye sehemu ya kwanza.

Tovuti hazifunguki, au printa imetoweka

Ili kukagua kurasa za HTTPS, yaani zile ambazo mawasiliano yake yamefumbwa, kifurushi hujiingiza kati ya kivinjari na tovuti, na hufanya hivyo kwa kuweka cheti chake ndani ya Windows. Chrome na Edge hukubali bila taabu, lakini Firefox hutunza orodha yake yenyewe ya vyeti, na cheti kisipoingia humo kila tovuti huzuiwa kwa ujumbe SEC_ERROR_UNKNOWN_ISSUER au MOZILLA_PKIX_ERROR_MITM_DETECTED. Maneno hayo yanatisha kwa kuwa yanadokeza kwamba kuna mtu anayenasa mawasiliano, na kwa namna fulani yupo, ila ni yule uliyemkaribisha. Isasishe Firefox, kisha uzime kipengele cha kukagua HTTPS ndani ya kifurushi, uwashe upya kompyuta, na ukirudishe, ili cheti kiwekwe tena. Lakini ujumbe huo ukitokea kwenye kompyuta ambayo haina kifurushi cha aina hiyo, usiubeze.

Printa iliyounganishwa kwa Wi-Fi na mafaili yanayoshirikiwa kati ya kompyuta mbili za nyumbani hutoweka kwa sababu nyingine. Faiawoli mpya haiujui mtandao wako, hivyo huuhesabu kama wa hadharani na kuficha kompyuta yako. Fungua sehemu ya mitandao ndani ya kifurushi na uutambulishe mtandao wa nyumbani kuwa wa kuaminika. Usifanye hivyo kwa mtandao wa hoteli wala wa mgahawa.

Ikiwa ni tovuti ya benki peke yake inayokataa, au akaunti inakudai uthibitisho mpya kila unapoingia, kagua VPN. Benki huona mteja wake wa Mwanza ameibukia Ulaya na hushtuka. Fahamu pia kwamba VPN inayokuja na kifurushi huwa na kikomo. Ile ya Bitdefender isiyolipiwa ziada, kwa mfano, huishia megabaiti 200 kwa siku kwa kila kifaa, hivyo intaneti inayokatika jioni inaweza kuwa haina kosa la mtandao wa simu. Kwa msomaji wa Tanzania kuna jambo la ziada: Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN watoe taarifa zao kwake kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Kipengele hiki hujiwasha chenyewe katika baadhi ya vifurushi, na ni vyema kukizima kama hukukikusudia.

Mafaili yamepotea baada ya ukaguzi

Hii ndiyo dalili inayoleta hasira kuliko zote, na mara nyingi mafaili hayajapotea. Chukua mfano wa flashi iliyopitia kwenye kompyuta ya kuchapia kazi. Virusi vya njia za mkato vimekuwamo humo: folda halisi zimefichwa, na mahali pake pamewekwa ikoni zinazofanana nazo, zenye kijishale kidogo kwenye kona, ambazo ukizibonyeza hufungua folda yako na wakati huohuo kukiendesha kirusi. Kingavirusi ya zamani haikuviona. Kifurushi kipya kinaviona na kuzifuta njia zote za mkato, na hapo flashi huonekana tupu ingawa Windows inaonyesha kwamba nafasi yake imetumika. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, na uandike attrib -h -r -s /s /d F:\*.* ambapo F ni herufi ya flashi yako, kisha ubonyeze Enter na usubiri. Folda zitajitokeza. Baadhi ya virusi hivyo huhamishia kila kitu ndani ya folda moja isiyo na jina, kwa hiyo usiifute folda ya ajabu kabla hujaifungua.

Hali ya pili huwahusu wengi kuliko wanaokiri. Windows iliyowekwa na fundi bila leseni huamilishwa kwa programu ya kughushi, na kifurushi kipya kikiikuta programu hiyo huifuta. Microsoft yenyewe huitambua kwa jina HackTool:Win32/AutoKMS. Baadaye maandishi ya kudai uamilishaji hutokea kwenye kona ya skrini, na mwenye kompyuta hudhani kifurushi kimeiharibu Windows. Atashawishiwa kuirudisha programu hiyo kutoka karantini, mahali kifurushi kinapofungia mafaili kinayoyashuku, na kuiwekea msamaha wa kudumu. Asifanye hivyo. Programu hizi hufanya kazi kwa mamlaka yote ya msimamizi, baadhi huzima ukaguzi wa folda nzima, na aliyeitengeneza hana sababu ya kukufanyia hisani. Windows isiyoamilishwa huendelea kufanya kazi, ikikunyima mambo kama kubadilisha picha ya usuli, na hiyo ni hasara ndogo.

Kwa faili ambalo kweli ni lako na limetiwa karantini kimakosa, lipakie kwanza kwenye VirusTotal, tovuti ambayo hulikagua kwa injini nyingi za kingavirusi kwa pamoja, lakini usipakie humo hati zenye siri, kwa kuwa zinazopakiwa huweza kuonekana na wengine.

Huna uhakika kama ulinzi unafanya kazi

Fungua Windows Security na utafute sehemu ya kusimamia watoa huduma wa ulinzi. Jina la kifurushi kipya linatakiwa liwepo na liwe limewashwa. Likiwa halipo, kifurushi hakijajisajili, na huenda Defender bado ndiyo inayolinda. Kisha jaribu kwa faili la EICAR, ambalo ni mfuatano wa herufi 68 usio na madhara, uliokubaliwa na watengenezaji kuwa utachukuliwa kama kirusi kwa ajili ya majaribio. Lipakue kwenye tovuti ya EICAR. Kifurushi kisipopiga kelele, hakifanyi kazi.

Fedha zinaendelea kukatwa kwa ajili ya bidhaa ya zamani

Kufuta programu kwenye kompyuta hakufuti mkataba. Usajili mwingi hujihuisha wenyewe kila mwaka, na kama ulilipa kwa kadi ya benki au kadi pepe ya fedha za simu, makato yataendelea. Ingia kwenye akaunti ya mtengenezaji wa zamani, zima uhuishaji wa moja kwa moja, na uhifadhi barua pepe ya uthibitisho. Kama kifurushi kipya ni cha mtengenezaji huyohuyo, muulize kabla ya kuamilisha iwapo siku zilizobaki zitahamishiwa kwenye leseni mpya, kwa maana ukishaamilisha ni vigumu kuzidai.